Mnyama Mwenye Taji ya Ngazi Tatu: Uhakiki wa Picha za Ufunuo katika Agano Jipya la Luther la Mwaka 1522

Utangulizi

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 ilitimia miaka 500 tangu Agano Jipya la Kijerumani la Martin Luther litolewe mjini Wittenberg. Katika vyuo na makanisa ya Kilutheri kazi hiyo hukumbukwa hasa kwa sababu ya lugha yake, na ni haki ikumbukwe hivyo. Lakini toleo lile la kwanza, ambalo wanahistoria huliita Agano la Septemba, lilikuwa na jambo jingine lisilozungumzwa sana miongoni mwetu. Ndani yake zilikuwamo picha 21, kila moja ikijaza ukurasa mzima, zilizotoka katika karakana ya mchoraji Lucas Cranach. Picha hizo zote zilikuwa za kitabu kimoja tu, Ufunuo wa Yohana. Injili na Nyaraka hazikupewa picha za namna hiyo. Zilipambwa kwa herufi kubwa za mwanzo tu.

Jambo hilo linashangaza zaidi tukisoma dibaji ambayo Luther mwenyewe aliiandikia Ufunuo mwaka ule ule wa 1522. Humo alikiri wazi kwamba hakuweza kukiona kitabu hiki kuwa cha kitume wala cha kinabii, kwa kuwa mitume hunena waziwazi bila maono na mifano, na kwa kuwa, kwa maoni yake, Kristo hafundishwi humo kwa dhahiri. Katika orodha ya vitabu alikiweka mwisho, pamoja na Waebrania, Yakobo na Yuda, bila kuvipa namba kama vingine. Kwa hiyo kitabu ambacho mfasiri alikithamini kidogo kuliko vyote ndicho kilichopambwa kuliko vyote.

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki picha hizo kama tunavyozihakiki hotuba na fafanuzi nyingine za Maandiko. Hoja yetu ni hii: picha ya Biblia si pambo, bali ni ufafanuzi, na mchoraji ni mfafanuzi anayepaswa kuulizwa maswali yale yale anayoulizwa mhubiri. Tukiziuliza picha za mwaka 1522 maswali hayo, tutaona kwamba zilitamka jambo ambalo dibaji haikulitamka, na kwamba zilinyamaza mahali ambapo Yohana anasema na kanisa lenyewe.

Picha zilizozaliwa na picha

Cranach hakuanza na ukurasa mtupu. Mwaka 1498 Albrecht Dürer wa Nürnberg alikuwa ametoa kitabu chake cha Ufunuo, chenye picha 15 kubwa za ubao, kwa Kijerumani na kwa Kilatini. Dürer naye alikuwa mbele yake Biblia ya Kijerumani iliyopigwa chapa na Anton Koberger katika mji huo huo mwaka 1483, na picha za Biblia ya Koberger zilikuwa zimechapwa kwa vibao vilivyotumika kwanza mjini Köln miaka michache kabla ya hapo. Basi tunapoitazama picha moja ya Cranach tunatazama mlolongo mrefu wa wachoraji, kila mmoja akimsoma Yohana kwa macho ya aliyemtangulia.

Yafaa tueleze kwa ufupi namna kazi hiyo ilivyofanyika. Mchoraji alichora juu ya ubao uliolainishwa. Kisha mchongaji aliondoa mti mahali pote palipotakiwa kubaki peupe, akaiacha mistari ya mchoro ikiwa imeinuka. Mistari hiyo ilipakwa wino, na ubao ukawekwa katika mtambo pamoja na herufi za maneno, karatasi ikapokea vyote viwili kwa mkandamizo mmoja. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, picha na maneno vilimfikia msomaji vikiwa kitu kimoja, vyenye wino mmoja na, machoni pa mtu wa kawaida, vyenye mamlaka moja. Pili, ubao ukishachongwa unaweza kupunguzwa kwa kisu, lakini hauwezi kurudishiwa kilichoondolewa. Tutaliona hilo likiwa na maana kubwa baadaye.

Ukuu wa Dürer hauna ubishi. Tuchukue wapanda farasi wanne wa sura ya 6. Katika maandiko wanatokea mmoja baada ya mwingine, kila mmoja muhuri wake unapofunguliwa. Dürer amewakusanya katika mbio moja: mwenye upinde, mwenye upanga, mwenye mizani, na yule wa nne, Mauti, mzee aliyekonda juu ya farasi aliyekonda. Chini ya kwato wanalala watu wa kila hali, na mkuu mmoja anaangukia kinywani mwa kuzimu. Kwa kuvunja utaratibu wa maneno, Dürer amesema jambo la kweli juu ya maneno hayo, yaani kwamba vita, njaa na kifo haviji kwa foleni. Atokaye katika nchi iliyoonja vita hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini Dürer huyo huyo anaonyesha pia hatari ya kazi yake. Katika sura ya 10 Yohana anamwona malaika ambaye miguu yake inafanana na nguzo za moto. Dürer amemchora malaika ambaye miguu yake ni nguzo hasa, nguzo mbili za jengo zinazotoa miali. Tashbihi imegeuka kuwa kitu. Neno dogo la kulinganisha, ambalo Yohana analitumia mara nyingi kwa sababu anajua kwamba maono yanapita lugha yake, halina namna ya kuchongwa katika ubao. Mchoraji hana budi kuamua, na msomaji aliyekwisha kuuona uamuzi wake hupata shida kuusahau.

Cranach kama msomaji wa Maandiko

Kwa ufundi Cranach na wasaidizi wake wako chini ya Dürer, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Mistari yao ni mizito, watu wao hawana mwendo, na picha kadhaa ni nakala za wazi za Dürer, akiwamo yule malaika wa nguzo. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Cranach alilifanya vizuri, nalo ni la kielimu. Dürer alianza kitabu chake kwa picha ya kuteswa kwa Yohana katika mafuta yanayochemka, habari ambayo haimo katika Ufunuo wala katika kitabu chochote cha Agano Jipya, bali katika mapokeo ya kanisa. Cranach ameiacha. Tena, pale Dürer alipobana matukio mengi katika picha moja, Cranach ameyatenganisha, hata picha 15 zikawa 21, na baragumu zikafuatana kama zinavyofuatana katika maandiko. Hii ni kazi ya mtu aliyeketi na maneno mbele yake. Picha zinaonekana kuukubali utawala wa andiko.

Kwa sababu hiyo basi, inatupasa kuuliza kwa makini zaidi pale ambapo picha hizo hizo zimeongeza kitu kisichoandikwa.

Taji

Katika sura ya 11 Yohana anasimulia habari za mashahidi wawili na mnyama apandaye kutoka kuzimu. Yohana hasemi lolote juu ya vazi la kichwa la mnyama huyo. Cranach amemvika taji ya ngazi tatu, ambayo kila mtu wa Ulaya wakati ule aliifahamu kuwa ni taji ya Papa. Taji hiyo inarudi katika sura ya 16 juu ya kichwa cha mnyama, na katika sura ya 17 juu ya kichwa cha kahaba mkuu. Dürer alipomchora mwanamke huyo alitumia mchoro aliokuwa ameufanya wa mwanamke wa Venice na mavazi yake ya fahari. Taji ya Papa haikuwapo. Aidha, kwa mji wa Babeli unaoanguka Cranach alitumia mandhari ya mji wa Roma iliyochapwa katika kitabu cha historia cha Hartmann Schedel, Nürnberg, mwaka 1493. Aliyewahi kukiona kitabu kile aliutambua mji.

Mambo haya hayakutokea kwa bahati. Mwaka 1521 Cranach alikuwa ametoa kitabu kidogo cha picha 26 zilizopangwa mbili mbili, upande mmoja Kristo na upande wa pili Papa, Kristo akivikwa taji ya miiba na Papa akivikwa taji ya dhahabu. Wasomaji walikuwa wamekwisha kufundishwa namna ya kusoma picha hizi. Ilibaki kuziweka ndani ya Biblia yenyewe.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya uzito. Kijitabu cha mabishano ni sauti ya mtu mmoja. Anayekisoma anajua kwamba anasikiliza upande mmoja. Picha iliyo ndani ya Agano Jipya inasimama mahali pa neno la Mungu. Mtu asiyejua kusoma, na hao walikuwa wengi, aliposomewa kwa sauti huku akionyeshwa ukurasa, hakuwa na njia ya kutenga lililosemwa na Yohana na lililoongezwa na Cranach.

Ukali wa picha ulionekana mara moja. Mwezi wa Novemba 1522 Georg, mtawala wa upande wa pili wa Saksonia na mpinzani wa Matengenezo, alikipiga marufuku kitabu katika nchi yake. Toleo la pili lilipotoka mwezi wa Desemba, kisu kilikuwa kimepita juu ya vibao: ngazi mbili za juu za taji zimekatwa, imebaki taji ya kawaida. Maneno ya Yohana hayakupungukiwa na kitu kwa badiliko hilo. Tunaweza kusema kwamba kisu cha Desemba kilikuwa, bila kukusudia, mfafanuzi bora kuliko kalamu ya Septemba, kwa maana kiliirudisha picha karibu na maandiko. Lakini haikudumu. Katika Biblia nzima ya mwaka 1534, iliyopigwa chapa na Hans Lufft kwa picha mpya za mchoraji anayejulikana kwa herufi MS, taji ya ngazi tatu ilirudi.

Wakati huo Luther mwenyewe alikuwa amebadilika. Mwaka 1530 aliandika dibaji mpya, ndefu zaidi, akiusoma Ufunuo kama historia ya kanisa iliyotabiriwa hatua kwa hatua. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1529, majeshi ya Waturuki yalikuwa yameuzingira mji wa Vienna. Basi Gogu na Magogu wa sura ya 20 wakapewa sura ya Waturuki, na mji unaozingirwa ukachorwa kama Vienna. Hivyo katika muda wa miaka minane maono ya Yohana yalipewa nyuso mbili za watu waliokuwa hai: uso wa Papa na uso wa Mwislamu.

Safari ya picha

Kama picha ingekuwa na maana moja iliyofungwa, picha hizi zingebaki kwa Walutheri. Historia inaonyesha vinginevyo. Mwaka 1523 Hans Holbein alizifuata alipochora picha 21 kwa Agano Jipya lililochapwa na Thomas Wolff mjini Basel. Mwaka 1527 Hieronymus Emser, mmoja wa wapinzani wakali wa Luther, alitoa mjini Dresden Agano Jipya kwa ajili ya Wakatoliki chini ya ulinzi wa mtawala Georg yule yule, na katika Ufunuo akatumia vibao vya Cranach vilivyokwisha kupunguzwa taji. Hatimaye, katika karne ile ile ya 16, watawa wa Kiorthodoksi wa monasteri ya Dionysiou, katika Mlima Athos huko Ugiriki, walichorewa Ufunuo ukutani kwa kufuata mfano wa picha za Holbein.

Tutafakari hilo. Mchoro ulioanzia katika mapigano ya Wittenberg ulimfundisha Mkatoliki wa Dresden na mtawa wa Athos. Kilichosafiri ni joka, Mwana-Kondoo, baragumu na mji mtakatifu. Taji ya ngazi tatu, yaani kile kilichoongezwa, ndicho kilichokuwa mzigo wa kuondolewa ili picha iweze kulihudumia kanisa pana. Kwetu sisi hiki ni kipimo chema cha picha yoyote ya Biblia: likiondolewa lile lililomlenga jirani, je, kunabaki kitu cha kutufundisha?

Sura ambazo hazikuchorwa

Tunafika sasa kwenye upungufu ambao kwa maoni yetu ni mkubwa kuliko ule wa taji. Cranach anachora vinara saba vya sura ya 1. Picha inayofuata ni kiti cha enzi cha sura ya 4. Sura ya 2 na ya 3, yaani barua kwa makanisa saba ya Asia, hazina picha. Dürer naye alifanya vivyo hivyo.

Sababu ya kisanii inaeleweka. Barua hazina joka wala moto wa kuchora. Humo kuna kanisa lililouacha upendo wake wa kwanza, kanisa lenye jina la kuwa hai nalo limekufa, kanisa linalojiona tajiri nalo ni maskini na kipofu. Ni vigumu kuchonga uvuguvugu katika ubao. Lakini matokeo ya kiteolojia ni mazito. Yohana ameweka hukumu ya nyumba ya Mungu mbele ya hukumu ya Babeli. Anayefunua kurasa za picha peke yake anauruka mlango huo. Anaingia moja kwa moja kwenye uovu wa wengine, akiwa mtazamaji salama, hali ya kuwa Yohana alikuwa amekwisha kumwita mshtakiwa wa kwanza.

Tunaamini kwamba upungufu huu na ule wa taji vina mzizi mmoja. Mtu ambaye hajajiona katika Laodikia atamtafuta mnyama nje ya ua wake, na hatakosa kumpata.

Wapo watakaojibu kwamba manabii nao walitaja wakosaji kwa majina, na kwamba Cranach na Luther waliishi chini ya vitisho vya kweli. Jibu hilo lina haki yake. Luther alikuwa ametengwa na kanisa na kuondolewa ulinzi wa dola mwaka 1521, na hatuwezi kumhukumu kwa utulivu wa wakati wetu. Ukosoaji wa uongozi wa kanisa lililouza msamaha ulikuwa wa lazima. Lakini nabii Nathani alipomwambia Daudi kwamba yeye ndiye mtu huyo, alisema naye uso kwa uso, ili atubu. Picha ya taji haisemi na Papa, inasema juu yake, kwa watu ambao hawahitaji kutubu kwa ajili yake. Hapo ndipo unabii unapogeuka kuwa kejeli.

Maana yake kwa huduma yetu

Huenda msomaji akauliza kwa nini mchungaji wa usharika ajishughulishe na vibao vya karne ya 16. Sababu ni kwamba kisa hiki hakijaisha. Ufunuo unahubiriwa kwetu kila siku, makanisani na viwanjani, na mara nyingi kwa njia ya picha: mabango, kalenda, vitabu vya shule ya Jumapili, na sasa picha zinazotumwa kwa simu. Katika nyingi ya hizo mnyama bado amevikwa vazi la jirani. Na majirani hao si wageni kwetu. Mkatoliki ni shemeji yetu, Mwislamu ni mjomba wetu, na msibani tunachimba kaburi pamoja. Kanisa ambalo lilitia sahihi na Kanisa Katoliki tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, haliwezi kuendelea kufundisha watoto wake kwa taji ya Septemba.

Hatusemi kwamba picha ziachwe. Luther mwenyewe aliporudi kutoka Wartburg mwezi Machi 1522 aliwazuia waliovunja sanamu, na mwaka 1525 alieleza kwamba asikiapo habari za mateso ya Kristo hawezi kuzuia sura ya Msulubiwa isijichore moyoni mwake. Picha itakuwapo, tukitaka tusitake. Kazi yetu ni kuichunguza. Tunapendekeza kila mchungaji na kila mwanafunzi wa teolojia aiulize picha ya Biblia maswali matatu kabla ya kuionyesha. Ni nini humu kimeandikwa, na ni nini kimeongezwa? Ni sehemu gani ya maandiko imerukwa kwa sababu haichoreki kwa urahisi? Na je, mtazamaji anaachwa amesimama wapi, upande wa wanaoitwa kutubu au upande wa wanaotazama wengine wakihukumiwa?

Kwa wachoraji wetu kuna nafasi iliyo wazi. Dürer aliuchora mji mtakatifu kama mji wa Kijerumani wenye kuta na malango aliyoyafahamu, wala hatuoni kosa katika hilo. Tumaini huvaa sura ya nyumbani. Mchoraji wa kwetu anao uhuru huo huo. Lakini kama tungeombwa kumwagiza kazi moja tu kwa ajili ya darasa la Ufunuo, tusingemwagiza mnyama. Tungemwomba achore zile sura mbili zilizorukwa: makanisa saba, na Kristo aliyesimama nje ya mlango wa mojawapo akibisha, na mlango huo uwe wa kanisa tunaloingia kila Jumapili.